Enfirmie wa Dawa Mbili

Kwa miaka arobaini nimesema nilipewa mfuko mmoja. Nilimwambia hivyo daktari, nikamwambia padri, nikamwambia mume wangu siku za uchumba, wakati ambapo watu huambiana mambo ya kweli. Nilipewa miwili. Mmoja ulikuwa mdogo, wenye vidonge vyeupe visivyozidi punje ya mahindi. Mwingine ulikuwa mkubwa, wenye vidonge vinene kama vifungo vya koti, vyenye ladha mbaya iliyokaa ulimini hadi mchana. Niliipokea yote miwili kwa mikono yangu, na mtu aliyenipa aliandika hivyo katika daftari lake huku nikimtazama.

Naandika habari za mtu huyo. Tulimwita Enfirmie, yaani muuguzi, naye aliitika kana kwamba mama yake ndiye aliyempa jina hilo. Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Katika mji wetu, miaka ile Katanga ilipojitangaza kuwa nchi peke yake, swali hilo liliua watu, na yeye hakumuuliza mgonjwa hata mmoja. Daftari lake lilikuwa na safu ya kabila, imepigwa chapa na serikali, haikwepeki. Aliijaza kwa neno moja kwa watu wote: "Anakohoa."

Zahanati yake ilikuwa nyumba ya matofali mekundu, chumba kimoja na baraza, mwendo mfupi kutoka kwetu. Mji uliitwa Elisabethville wakati ule, nao ulikuwa na hospitali kubwa, lakini watu wa kifua kikuu walipenda baraza lile, nadhani kwa sababu pale hakuna aliyewakalia mbali. Saa moja asubuhi walikuwa wameshajaa kwenye benchi, kila mmoja na kikombe chake. Kila mtu alimeza mbele yake. Hakumpa mtu dawa aende nayo nyumbani.

"Ku nyumba kuko bantu," alisema, "na bantu beko na huruma."

Nilidhani ni utani. Wauguzi wengine waliogopa wagonjwa wavivu. Yeye aliogopa wagonjwa wenye moyo mwema.

Alikuwa na namna yake ya kuhakikisha. Hakukuangalia chini ya ulimi kama wauguzi wengine, alikufanya useme. Namkumbuka mwashi mmoja, mtu wa miraba minne, aliyezoea kuficha vidonge vikubwa shavuni akavitema nyuma ya choo. Enfirmie alimkazia macho, akakunja mikono.

"Bon. Taja majina ya batoto yako yote."

"Enfirmie, niko na tisa!"

"Njo muzuri. Anza na wa kwanza. Polepole."

Alipofika mtoto wa nne, dawa ilikuwa imeanza kuyeyuka. Wa sita alimtaja akitokwa na machozi. Benchi zima lilicheka hadi likakohoa, na mama mmoja akapiga kelele, "Tata, ungezaa babili tu!" Mwashi hakurudia tena. Alipona, akazaa wa kumi.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Mtu huyu, aliyeshinda kutwa na mapafu ya watu, alivuta sigara nyuma ya zahanati, akichuchumaa ukutani kama mwanafunzi mtoro. Mgonjwa alipomfuma, yeye alisema, "Hii ni kifua yangu, haiko ya serikali." Hakuwa na maneno ya kufariji. Mtu akilia, alimpa kikombe cha maji na kusubiri amalize, kama anayesubiri mvua ipungue. Na alikuwa na kiburi, kiburi cha mtu ambaye hajawahi kukosea hesabu. Daftari lake lilikuwa safi kuliko shuka za hospitali. Ukimwuliza jambo lolote la kazi yake alijibu, "Soma mu register," hata kama hujui kusoma.

Mimi nilijua. Mama alipoanza kutema damu nilikuwa na miaka kumi, na mimi ndiye niliyemsindikiza kila asubuhi. Wakati akipumzika, nilisoma kwa sauti maandishi ya Kifaransa kwenye makopo ya dawa, bila kuelewa nusu yake. Enfirmie alipendezwa. Akaniita Mukarani, yaani karani wake, na toka siku ile hakuniita kwa jina lingine.

Miezi ya mwanzo Mama alipigwa sindano na kumeza dawa mbili. Kisha sindano ikaisha, zikabaki zile mbili: ndogo, ambayo aliimeza bila tabu, na kubwa, ambayo ilimtapisha. Mwaka mzima na zaidi, alisema Enfirmie, na zote mbili siku moja, saa moja. Nikamwuliza kwa nini zisitoshe zile ndogo, kwa kuwa Mama alizipenda. Akaketi karibu nami. Ni mara moja tu nilimwona akiketi wakati wa kazi.

"Mukarani, mu kifua ya mama yako muko tududu mingi, sawa bantu ba soko. Kati yabo kamoya kanayua kukimbia dawa ya kadogo. Kengine kanayua kukimbia ile ya mukubwa. Kenye kuyua kukimbia zote mbili, ngumu kukapata. Njo maana tunazipiga pamoja. Ukipiga na moya peke, unaua bajinga, unabakisha wa mayele."

"Halafu?"

"Halafu wa mayele, ule wa akili, anazaa."

Watu wakubwa aliwaeleza kwa mfano mwingine. Wakati wa vizuizi vya barabarani ulipofika, vijana wenye silaha wakisimamisha kila mpita njia, alisema mgonjwa awe na vizuizi viwili kifuani, maana anayejua njia ya kukwepa kimoja atanaswa na cha pili. Mfano ulieleweka haraka mno. Asubuhi moja mwanamke ambaye mumewe alichukuliwa kwenye kizuizi na hakurudi aliangua kilio katikati ya maelezo. Enfirmie alimpa maji, akangoja. Sikumsikia tena akitumia mfano huo. Alirudi kwenye watu wa sokoni, na baadaye soko nalo likafungwa.

Sisi tulikuwa watu wa Kasai. Babu alikuja kwa kazi ya reli, baba aliuza vitambaa, na ghafla tukaambiwa tu wageni. Baba alichukuliwa kwenye vizuizi hivyo hivyo. Mama nami tulikimbilia kambi iliyoota pembezoni mwa mji chini ya ulinzi wa askari wa kofia za buluu. Nasema iliota kwa sababu hakuna aliyeijenga. Watu walipanga magunia, makasha, milango ya magari na matawi, na miti ya barabara zote za karibu ikaisha kwenye mafiga. Mtu mzima aliyetoka kambini hakuwa na hakika ya kurudi. Msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye ndoo kichwani, anayesema Kiswahili cha mji kama kila mtu, aliweza kupita.

Nikapita. Enfirmie aliponiona mlangoni peke yangu aliangalia nyuma yangu, akimtafuta Mama.

"Hawezi kutoka," nikamwambia.

Alifungua kabati la dawa, akalifunga tena. Mtu ambaye hakuwahi kumpa mtu dawa aende nayo alikuwa anaamua kuvunja sheria yake, na ilimwuma. Mwisho alifunga mifuko miwili, akaiweka ndani ya ndoo, akafunika kwa majani ya mihogo.

"Hii na hii. Pamoja. Kila asubui. Akitapika, anangoya kidogo, anarudilia. Hapana kupunguza, hapana kugawa. Umesikia, Mukarani?"

"Nimesikia, Baba."

Akaandika mbili. Nilikuja mara tatu katika miezi ile, na mara zote tatu aliandika mbili.

Sasa nieleze nilichofanya, na nitajitahidi nisikipambe. Kibanda cha pili kutoka chetu kilikaliwa na mama mmoja aliyetupa nusu ya turubai lake usiku wa kwanza tulipofika, mvua ikinyesha. Alikuwa amekatiza dawa za zahanati nyingine alipokimbia. Alikohoa kama Mama, na zaidi. Katika kambi ile mtu aliyepata samaki aligawa, aliyepata chumvi aligawa, na aliyekula peke yake alijulikana. Nami nilikuwa na mifuko miwili na wagonjwa wawili. Mtoto yeyote wa kambi angepata jibu lile lile. Mama nikampa mdogo, ambao haukumtapisha. Mama wa turubai nikampa mkubwa, kwa kuwa alikuwa na tumbo gumu. Mama aliuliza mara moja tu, "Na ile mbaya?" Nikamjibu kwamba Enfirmie ameiondoa. Alifurahi hadi akanibusu.

Nilijiona nimegawa kwa haki. Nilisubiri hata sifa.

Na dawa zilifanya kazi, hiyo ndiyo hila yake. Mama alinenepa. Mama wa turubai aliacha kutoa jasho. Kwa majuma kadhaa nilikuwa daktari mdogo mwenye wagonjwa wawili wanaopona. Kisha homa ikarudi kwa mmoja, na baada ya siku chache kwa mwingine. Kambi ilipovunjwa, mama wa turubai alipanda treni ya Kasai, amebanwa kwenye behewa na watu kadiri lilivyoweza kubeba, akinipungia mkono na kukohoa. Sisi tulirudi kwenye nyumba yetu, iliyobaki bila milango, na Mama akarudi kwenye benchi.

Makohozi yake yalipelekwa maabara. Majibu yalichukua miezi. Daktari, Mzungu mwembamba aliyekuja zahanati mara moja kwa juma, alinisimamisha mbele ya meza. Madirisha yalikuwa wazi, na benchi lote lilinyamaza lisikie.

"Wadudu wa mama yako hawaogopi tena dawa ndogo," alisema. "Hilo hutokea mtu akila dawa moja peke yake. Lakini humu imeandikwa mbili." Aligonga daftari kwa kidole. "Ulipewa mifuko mingapi?"

Naomba ieleweke kwamba niliyaelewa yote papo hapo. Si kwamba nilikuwa mtoto asiyejua. Nilikuwa nimefundishwa na mtu bora kuliko wote: nimeua wajinga, nimebakisha wa mayele, na wa mayele amezaa kifuani mwa mama yangu. Mama alikuwa kwenye benchi nje, anasikia.

"Mmoja, Docteur," nikasema.

"Ndogo au kubwa?"

"Kadogo."

Enfirmie alikuwa amesimama nyuma ya daktari. Alisema neno moja, "Mukarani." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama unavyomwita mtoto aliyekaribia ukingo wa shimo. Nikaangalia sakafu. Yeye akafunga daftari, akaweka kalamu juu yake sambamba na ukingo wa meza, na akamwuliza daktari amwachie nani ufunguo, kwa sababu watu wa nje walikuwa bado hawajameza.

Siku zile vidonge vikubwa viliuzwa kwa siri kote mjini, kwa hiyo hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Enfirmie aliuza dawa ya wagonjwa. Iliwezekana, kwa hiyo ikawa kweli. Kitu kimoja tu kingeweza kumwokoa, nacho ni yeye mwenyewe kusimama na kubishana, na hicho hakukijua. Mkewe alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa barazani kwao, na ua letu lilipakana na lao. Nilimsikia akimsihi.

"Uniambie miye tu. Zilienda wapi?"

"Soma mu register."

"Nimekuuliza weye, haiko register!"

Nikasikia kiti kikisogezwa.

"Mutoto wa miaka kumi na moya hawezi kutunga maneno sawa ile," alisema mkewe. "Mutoto hatungi."

Mtu aliyewafungulisha kinywa watu wote wa mtaa hakufungua chake. Mkewe alisubiri mwezi mmoja, nadhani, kisha akafunga cherehani kwenye blanketi, akamshika binti yao mkono, akaenda kwa ndugu zake. Mimi nilikuwa nyuma ya ua. Ningeweza kusema neno moja. Nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuuchambua.

Mama alifariki kiangazi kilichofuata. Alimshukuru Mungu hadi mwisho kwamba walau kule kambini ile dawa mbaya iliondolewa.

Enfirmie alikaa mjini miaka miwili mingine, akibeba magunia kwenye ghala. Tulipokutana njiani alinisalimu, "Mukarani," nami nilimjibu, "Shikamoo, Baba," kwa adabu iliyowafurahisha shangazi zangu. Kisha akatoweka. Mimi nilisoma, nikafika chuo kikuu, nikaandika kitabu kuhusu ushahidi na ukweli ambacho wanafunzi bado wanalazimishwa kukisoma. Kina tanbihi nyingi mno. Niliwahi kusimama mbele ya ukumbi uliojaa na kusema kwamba shahidi mwenye hatari zaidi ni yule ambaye hana sababu ya kusema uongo. Walipiga makofi. Nilirudi nyumbani nikalala mchana kutwa.

Mwaka jana mpwa wangu, ambaye ni muuguzi, alirudi kutoka Lukafu akicheka. Alisema huko kuna mzee wa kujitolea kwenye kituo cha afya, amepewa kazi ya kuangalia wagonjwa wa kifua kikuu wakimeza, na kila mmoja analazimishwa kutaja majina ya watoto wake.

Nilipanda lori la mahindi siku ya tatu yake. Nilifika nimejaa vumbi, na hotuba yangu tayari kichwani, ina utangulizi, kiini na hitimisho. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao nje ya kituo, kichwa cheupe, miguu imevimba. Aliniangalia kwa muda ambao ungetosha kumeza vidonge vinne.

"Mukarani," akasema. "Umenenepa."

Hotuba ikapotea. Nikasema tu: "Baba, ulinipa mifuko miwili. Mara zote tatu. Nilisema uongo."

Alimpa kikombe mama aliyekuwa mbele yake, akasubiri ameze, akasubiri ataje watoto wake watatu, akaweka alama kwenye daftari. Ndipo akanigeukia.

"Ile ya pili ulipatia nani?"

Sikulitegemea swali hilo. Nikamweleza habari za turubai, mvua, na kikohozi cha yule mama.

"Yeye peke, bila ya kadogo?"

"Peke yake."

"Donc bantu babili." Alisema taratibu, kama anayesahihisha hesabu ya zamani. "Na yeye alienda wapi?"

"Kasai. Na treni."

Alifumba macho. Nilielewa kwamba hafikirii ghala, wala cherehani, wala miaka yake. Alikuwa ndani ya lile behewa, na wale watu wote waliobanana, na mwanamke anayekohoa kitu ambacho kimeshajifunza njia. Kwa miaka arobaini nilikuwa nimejihesabia kosa moja na marehemu mmoja. Yeye alipata hesabu kamili kwa maswali matatu.

"Unisamehe, Baba."

"Miye?" Alifungua macho. "Miye niliyua kama sikuiba. Weye pia uliyua. Shiye babili tuliyua siku zote." Alipapasa mfukoni, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa hadi kikawa laini kama kitambaa. Palikuwa na namba ya simu, kwa mwandiko ule ule wa daftari. "Mutoto yangu iko Kasumbalesa, anafanya kazi ya duane, ku mupaka. Mama yake anaikala naye. Namba nilipewa na dereva. Sikupiga hata siku moya."

"Kwa nini?"

"Nitasema nini? Nilishaandika."

Sikumshinda, na sikujaribu. Tulikula mihogo na samaki mkavu aliopika mwenyewe, kisha lori likapiga honi, naye akaniachia ile karatasi kiganjani.

Nilikaa siku tisa na ile karatasi. Nilipanga kabati upya. Nilisahihisha mitihani kabla ya wakati wake, jambo ambalo halikuwahi kutokea chuoni kwetu. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, nilipiga.

"Allô, nani?" Nyuma ya sauti ya binti malori yalikuwa yakinguruma na mtu anagombana kuhusu muhuri. Nikajitaja. Nikasema mimi ni yule mtoto wa zahanati.

Makelele yakapungua, alikuwa ameingia ndani na kufunga mlango. "Weye njo ule mutoto?"

"Njo miye."

"Usiambie miye. Mama iko hapa, ameniletea chai."

Nikasikia simu ikibadilishwa mikono, na pumzi ya mtu mzee.

"Sema," sauti ikasema.

Nikasema yote. Mifuko, turubai, meza ya daktari. Sikujitetea, nilikuwa nimefanya mazoezi ya kutojitetea.

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi na moja, Mama."

"Na leo?"

"Hamsini na miwili."

"Ulikuwa na wakati," akasema.

"Nilikuwa nao, Mama."

"Ulimuona?"

"Nilimwona, Mama. Lukafu."

"Nani anamupikia?"

"Anajipikia mwenyewe."

"Anaunguza," akasema. "Siku zote anaunguza."

Kisha, simu ikiwa bado wazi mkononi mwake, nikamsikia akimwuliza binti yake kama barabara ya Lukafu inapitika mvua hizi, na kama cherehani inaweza kuingia kwenye lori bila kufunguliwa.